Majina Anayoyaita Nélida

Kwa miaka thelathini na mmoja, Nélida Ocaranza ndiye aliyeita majina kwenye mitihani ya mdomo ya kitivo cha sheria, katika mji wa Tucumán. Alisimama mlangoni na karatasi yake, na sauti ikafika hadi ngazi za chini. Alijivuna kwamba hajawahi kukosea jina la mtu.

Akaja kukosea mwezi Julai. Aliita jina la kiume lililokuwa kwenye orodha, akainuka msichana mwenye sketi ya bluu. Korido nzima ikaangua kicheko. Msichana akaokota mkoba wake, akashuka ngazi bila kufanya mtihani. Jina lenyewe silitaji. Lilishamuumiza vya kutosha.

Nélida akamfuata uani.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Ámbar Sotelo. Lile walinipa nikizaliwa, waliponiona mvulana. Ofisini wamegoma kulibadilisha mpaka kitambulisho kipya kitoke. Nimebakiza mtihani huu tu, Mama Neli, na Desemba ndiyo nafasi ya mwisho. Nikiitwa vile tena, siingii."

"Utaingia."

Kuteleza si kuanguka, watu husema. Lakini Nélida ndiye aliyeteleza, na aliyeanguka ni mwingine. Aibu hiyo alitembea nayo miezi mitano.

Desemba ilipofika, akaja na orodha aliyoiandika upya kwa mkono wake. Profesa Brizuela akaichungulia.

"Bibi Nélida, huyu Ámbar hayumo kwenye orodha ya ofisi."

"Namba ya usajili ni ileile, Profesa. Wewe uliza sheria, majina niachie mimi."

"Na ofisi wakiniuliza?"

"Waambie wanifuate. Nilipo wanapajua, sijahama tangu hujaota ndevu."

Profesa akacheka, akaingia ndani. Nélida akavuta pumzi, akaita: "Sotelo, Ámbar!" Hakuna aliyecheka. Msichana akainuka, akaingia.

Alitoka amefaulu. Wenzake walimngoja uani na mayai na unga wa kumrushia, kama afanyiwavyo kila anayehitimu. Miaka yote Nélida alikuwa akiwatimua kwa ufagio, maana uchafu ule haujisafishi. Siku hiyo alinyoosha mkono.

"Nipeni moja."

Akalipasua yai juu ya nywele za Ámbar, taratibu, kama anayempaka mwanawe mafuta.

"Wakili Ámbar Sotelo," akasema kwa sauti yake ya mlangoni, mpaka madirisha ya ofisi yakafunguliwa. Kisha akaenda mwenyewe kuleta ufagio.