Engoma Si Ngoma

Ninyi wadogo zangu wa darasa la chini, acheni kunichungulia dirishani, ingieni niwasimulie kazi. Mimi ni mstaafu. Ndevu bado, lakini mstaafu.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa kofi. Mlinzi wa ekikale, yaani ua wa kale wa watawala wetu pale Bweranyange, alikuwa ameishiwa miguu, akataka mtu wa kupokea wageni na kuwazungusha mahali patakatifu. Kwenye kaburi la omukama, yaani mtawala, nikamwuliza, "Babu, huyu alikufa lini?" Pa! "Omukama hafi, we mtoto. Analala." Basi mgeni wangu wa kwanza nilipomfikisha kaburini nilimnong'oneza anyate, asije akamwamsha mwenye nyumba. Mgeni akacheka. Mlinzi hakucheka.

"Babu, wewe hucheki kabisa?"

"Siku utakayonichekesha," akasema, "kazi yako imekwisha. Utakwenda kwenu."

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu. Mgeni huanza kwa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa. Akizitema mbele ya watu, amewatukana. Kisha ng'ombe wa chuma, waliofuliwa na wahunzi wa zamani, pembe ndefu kuliko kiwiliwili. Hao niliwaambia wageni kwamba hukamuliwa misumari. Kisha kaburi. Mwisho kabisa nyumba ya engoma, na hapo hata mimi nilinyamaza.

Engoma kwa Kinyambo ni ile ngoma kubwa ya ngozi, tena ni utawala wenyewe. Neno moja. Omukama mpya hasimikwi bila hiyo, na asipokuwapo omukama, engoma hulala, haiguswi hata kwa kidole. Wakati wangu ilikuwa imelala. Mlinzi aliishi kwa kungoja iamke, basi.

Mkubwa wangu wa pili alikuwa Mkalimani, mwenye duka la nguo Nyaishozi, wazazi wake watu wa pwani, kanzu yake nyeupe mpaka ng'ombe wa kweli walishtuka. Mtu mwema. Kiswahili chake kilitiririka kama maji. Kinyambo chake kilikuwa mawe ndani ya maji hayo. "Mdogo wangu," alipenda kuniambia, "lugha zote ni ndugu. Ukikosa neno la huyu, azima la nduguye."

Wa tatu nilimtumikia siku moja tu. Alikuwa Bwana Mkubwa wa Kidachi, yaani Mjerumani, kutoka boma la Bukoba, na askari wake. Alitafuna kahawa, akakunja uso, akameza. Kwenye ng'ombe nikatoa misumari yangu, askari wakacheka mpaka bunduki zikagongana. Tukafika nyumba ya engoma. Bwana Mkubwa akaigonga kwa fimbo.

Mlinzi akapiga magoti. Akasema kwa Kinyambo, taratibu, ili neno lisipotee njiani: engoma isihame, ikihama tumekwisha.

Mkalimani akageuka. "Bwana, mzee anaomba ngoma isihame. Wanataka kucheza hapa hapa kwao."

"Aa! Wacheze!" Bwana Mkubwa akafurahi. "Nani amewakataza? Ngoma yao wacheze hapa. Na hili pipa la ngozi, libebeni."

Nikaruka mbele. "Bwana! Engoma si ngoma! Si mchezo! Ni hilo hilo mnalobeba, ni utawala wetu!"

Askari mmoja akajishika mbavu. "Ndiye huyu wa misumari!"

"Msamehe, Bwana," Mkalimani akasema, akinivuta shati. "Mtoto huyu kazi yake mzaha."

Nikapiga kelele, wakazidi kucheka. Nikalia. "Tazameni," yule askari akasema, "hata machozi anayo!"

Ruhusa ya Bwana Mkubwa ni amri. Watu walipangwa uani, wanawake kwa wanaume, wakacheza. Engoma ikashuka kilima mabegani mwa wapagazi, nasi tukiipigia makofi.

Mkalimani alirudi baadaye, kanzu imejaa vumbi, kwa sababu dukani kwake hakuna aliyemwitikia salamu. Nikamweleza polepole, neno kwa neno. Buni ilikuwa mdomoni mwake. Hakuweza kuitafuna wala kuitema. Akafunga duka, akaenda Bukoba kwa miguu kumweleza Bwana Mkubwa. Akaambiwa imekwisha vuka ziwa. Huko ng'ambo, nani atalijua jina lake?

Wageni waliendelea kuja. Niliwaonyesha duara la vumbi mahali ilipokaa. "Palikuwa na nini?" Engoma. "Kumbe mlikuwa mkicheza!" Nikaona heri niwaambie ya misumari.

Mlinzi hakuacha kufagia ile nyumba tupu. Asubuhi moja akaegemea ufagio. "Mwanangu, omukama mpya tutamsimika kwa kitu gani sasa?"

Sikuwa na mzaha wowote tumboni. Nilimwambia nilichokiamini, kwa heshima yote, kama mtu mzima.

"Itarudi, Babu."

Alinitazama. Mabega yakaanza kutikisika, kisha tumbo, na kile kicheko kikamtoka, kikavu, kirefu, hata ufagio ukamdondoka. Alicheka mpaka akakaa chini katikati ya lile duara, akijipangusa macho.

"Haya," akasema alipopata pumzi. "Nenda kwenu."

Ndivyo nilivyostaafu.