Baiskeli ya Baba Ilinitangulia

Mimi si msimuliaji, na haya sikuyaota wala sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwa na baiskeli mkononi, jua la saa sita kichwani, akili timamu. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi nilishindwa.

Baba alifariki nyumbani kwetu, upande wa Ushirombo, wakati wa masika, miaka ile mafuta yalipokuwa adimu na basi la Chato lilipita siku lilipojaliwa. Mimi ndiye niliyemvika koti lake jeusi la kanisani. Mimi ndiye niliyechana upindo wa shati langu jeupe, nikamfunga vidole gumba vya miguu pamoja, kama tufanyavyo kwa maiti. Kikumbuke hicho kitambaa.

Alikosekana mtu mmoja tu, dada yangu Kabula. Baba alitaka awe sista. Yeye akatoroka na mvuvi wa Chato. Baba akasema mbele yetu sote, "Asikanyage hapa mpaka nimwite mimi mwenyewe." Miaka saba ikapita, hakumwita. Dada naye akaapa kwamba asipoitwa na baba, hata msibani hatakuja.

Kwa hiyo, kabla hakujapambazuka, baba mdogo akanivuta nyuma ya nyumba.

"Chukua baiskeli ya mzee. Ukifika usiseme amekufa, mtu hapewi msiba akiwa mbali na kwao. Sema anaumwa. Na sema anamwita mwenyewe."

"Lakini baba mdogo, hakumwita."

"Unataka azikwe bila mwanawe wa kwanza? Tunazika kesho jioni. Panda baiskeli!"

Baiskeli ile kijiji kizima kiliijua. Ya Kichina, nyeusi, madigadi ya nyuma imezibwa kwa bati la debe. Pedeli ya kulia ilishavunjika, baba akaweka kipande cha mti, nacho kiligonga kila kilipozunguka: ko, ko, ko.

Barabara ya changarawe ilikuwa nzuri mpaka nilipoingia mbugani. Unaijua mbuga yetu wakati wa masika? Tambarare, huoni kilima wala mti, na mto, lambo na barabara vimekuwa ziwa moja. Nikashuka, nikasimama ukingoni. Karavati liko wapi? Ukikosea kidogo unazama mtaroni, wewe na baiskeli. Nikafikiria kurudi. Nakiri, nilifurahi kidogo kwamba sasa sitausema ule uongo.

Ndipo nikasikia: ko, ko, ko.

Yangu ilikuwa imesimama, nimeishika usukani.

Mbele yangu, hatua kama thelathini, ndani ya maji, mtu alikuwa anaendesha baiskeli polepole, amenipa mgongo. Koti jeusi. Maji yalifika nusu ya magurudumu, lakini hayakutikisika. Nikatazama madigadi yake ya nyuma: bati la debe. Nikatazama ya kwangu: bati la debe. Niamini, nilitazama mara tatu. Kisha mguu wake wa kulia ukapanda na pedeli, peku, na kwenye kidole gumba kitambaa cheupe kilikuwa kinaning'inia, kinachuruzika maji.

Wewe ungefanya nini?  Mimi hata Salamu Maria niliisahau. Miguu ndiyo iliyoamua, nikapanda, nikafuata. Alipokata kushoto nikakata kushoto, na chini ya maji tairi langu likakuta changarawe ngumu. Hakugeuka hata mara moja. Tulipotokea ng'ambo akaongeza mwendo, na mimi, kijana wa miaka ishirini na mbili, sikumpata. Barabara ilinyooka, nyeupe, haina pa kujificha. Akawa mdogo, akawa mdogo zaidi, halafu hakuwapo.

Nilifika kwa dada alasiri. Nilimkuta mlangoni, kavaa kitenge kipya, furushi lake tayari, na samaki wakavu wamefungwa vizuri kwenye majani ya mgomba.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mvivu wewe! Kijana mzima unaachwa na mzee?" Akacheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia miaka saba.

"Mzee gani?"

"Si baba! Amepita hapa sasa hivi. Kakataa kushuka, kakataa hata maji. Kasema, 'Kabula, nimekuja kukuita mwenyewe. Mdogo wako yuko nyuma, atakubeba.' Akageuza, akaondoka." Kisha akaitazama baiskeli niliyoishika. Akagusa bati la madigadi. Akagusa pedeli ya mti. "Lakini hii si ndiyo yake? Yeye amerudi na nini?"

Nikaiegemeza baiskeli ukutani.

"Na kidole kimefanya nini? Nimemuuliza, kasema wewe ndiye uliyemfunga."

Nikaficha upindo wa shati kwa mkono.

"Anaumwa," nikasema. Nilivyotumwa ndivyo nilivyosema.

Tuliondoka kabla ya alfajiri. Dada alikaa kwenye keria, samaki wa baba mapajani, akiimba, hata kwenye maji ya mbugani, nilipopita mle mle nilimopitishwa jana. Nilimwacha aimbe njia nzima. Aliimba mpaka alipowaona wanawake wameketi chini uani kwetu. Akashuka.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Kabla jeneza halijafungwa, baba mdogo alinivuta karibu na miguu ya marehemu. "Hata fundo hujui kufunga!" akaninong'oneza. Kitambaa kilikuwa kwenye kidole cha kulia peke yake, kimelowa. Kwenye kucha kulikuwa na matope meusi ya mbugani. Kisha akanipiga bega: "Ila dada yako umemdanganya vizuri."

Nilimdanganya? Kuitwa kwake kulikuwa kweli. Uongo wangu ulikuwa ule mwingine, wa kusema anaumwa.

Dada alitupa udongo wa kwanza, kichwa juu, kwa sababu aliitwa. Lakini ule wimbo wa njiani hajanisamehe. Tumezeeka wote wawili. Akinikuta kanisani anaitikia shikamoo yangu, basi. Baiskeli nimeitundika ukutani. Siipandi, na kuiuza siwezi. Masika yakifika, nikisikia ko, ko, ko barabarani, sitoki kuangalia ni ya nani.

Nawe ukitumwa kupeleka habari ya msiba, ipeleke kama ilivyo. Usimtilie marehemu maneno mdomoni. Anaweza kutangulia akayasema mwenyewe, na wewe ukabaki na uongo wako, umembeba mtu anayeimba.