Saba Mara Sita kwenye Uwanja Wangu wa Uwele

Niliaibika, lakini sijutii. Watoto wa shule yetu huku Iramba walikuwa wakikariri jedwali la kuzidisha bila kujua maana yake. Basi nikatandaza masuke ya uwele kwenye uwanja wangu wa kupuria, nikawapanga mistari saba ya watoto sita, kila mmoja na fimbo. Kila mstari ulipopiga, tuliongeza kwa sauti: sita, kumi na mbili, kumi na nane. Kwa wiki moja walielewa nilichoshindwa kuwafundisha mwaka mzima. Uwele nao ulipurwa, ningeuzuiaje?

Ndipo akatokea Bwana Mkaguzi, Mwingereza aliyewafukuza kazi walimu wawili kwa kuwatumikisha wanafunzi nyumbani kwao.

“Uwele wa nani huu?”

“Wa shule, Bwana,” nikajibu bila kupepesa macho.

Akamgeukia Raheli, aliyesimama mstari wa mbele. “Saba mara sita?”

“Arobaini na mbili, Bwana!”

Mkaguzi akatabasamu. Nami nikatanua kifua.

“Nane mara sita?”

“Hiyo bado, Bwana. Tutajifunza Jumatatu, mke wa mwalimu akishavuna shamba lao la pili.”