Ngazi ya Ningu

Harufu ya mayai ya samaki yakikaangwa kwa vitunguu hunirudisha katika msimu mmoja wa mvua, nilipokuwa na miaka tisa, na hadi leo hunifanya niondoke jikoni. Tuliishi upande wa Busia, kando ya kijito kinachoteremkia Mto Sio. Mvua za kwanza zilipogeuza maji kuwa na rangi ya chai ya maziwa, samaki waitwao ningu walipanda kutoka ziwani kuja kutaga katika nyasi zilizofurika. Shangazi Athieno, dada yake baba, ndiye aliyesimamia uzio wa matete na migono ya kuwanasia. Sheria yake ilikuwa moja: ningu anayepanda haguswi. Uzio ulilazwa chini hadi samaki walipoanza kurudi, naye alimshika mmoja na kumbonyeza tumbo kwa kidole gumba. Likiwa limelegea kama soksi tupu, alisema, "Huyu amejifungua. Sasa inueni," na hapo ndipo tulipoanza kula.

Kisha tukajengewa bwawa. Ubavuni mwa ukuta, injinia aliweka ngazi ya zege yenye vidato kumi na viwili, akatueleza, kwa majivuno ya mtu aliyesoma kitabu kimoja, kwamba samaki wetu wangepanda humo kama samoni wanavyopanda katika nchi za baridi. Nilikuja kujifunza chuoni kwamba samoni huruka maporomoko. Ningu wetu hupenya taratibu kati ya nyasi. Isitoshe, lango la bwawa lilipofungwa, kidato cha kwanza kilibaki juu ya maji, kikavu, mijusi wakiota jua juu yake. "Injinia," shangazi alimuuliza mbele ya watu, "hiyo samaki itapanda na viatu gani?" Watu walicheka. Injinia hakucheka, aliandika kitu katika daftari lake, na ngazi ikabaki ilivyokuwa.

Ufunguo wa lango alipewa baba yangu, Owori, mtu wa Iyolwa aliyehamia Busia kutafuta kazi. Alipewa pia koti la mvua, na nadhani koti ndilo lililomwondolea akili. Mvua zilipoanza, lango lilifungwa ili bwawa lijae, na asubuhi ya pili maji ya chini ya ukuta yalikuwa yakitokota kwa ningu waliokosa njia. Shangazi alifika akiwa amelowa hadi kiunoni.

"Owori, fungua hiyo mlango. Samaki iko na mayai."

"Dada, mimi nafungua na barua."

"Na hii maji, ilikuja na barua?"

"Usiniharibie kazi. Niko na watoto."

"Hata hawa wako na watoto. Wamebeba kwa tumbo."

Baba alifunga vifungo vya koti lake. Barua ilichukua siku tisa kutoka ofisini, mwendo ambao mbuzi kilema angeumaliza kabla ya chakula cha mchana. Kwa siku hizo tisa kijiji kizima kilishuka na mabeseni. Tuliwachota ningu kama watu wanaochota mchanga, tukawapasua, tukakaanga mayai yao, na Jumapili mhubiri akamshukuru Mungu kwa ukuta uliotuletea samaki. Ukuta uliotuletea samaki! Injinia alikuwa mjinga wa kusomea, nasi tulikuwa wajinga wa kujitolea. Mimi nilijaza beseni la bluu mara nne na kuomba niongezwe sahani. Shangazi hakuonja. Barua ilipofika, baba alifungua lango kwa heshima zote, na maji yakamwagikia mahali pasipokuwa na samaki. Mwaka uliofuata shangazi alitengeneza banda la kuku kwa matete ya uzio wake.

Siku hizi mambo yameboreshwa, naambiwa. Katika hoteli moja ya Tororo nimeketi kwenye semina ya siku mbili kuhusu maji rafiki kwa samaki, tukila samaki wa kugandishwa kutoka ng'ambo. Lango sasa hufunguliwa kwa kalenda, wiki moja kila mwaka. Msimu uliopita mvua zilichelewa. Wiki ikapita katika vumbi, na mvua iliponyesha lango lilikuwa limeshafungwa. Nilikwenda bwawani. Mlinzi, mwanamume mwenye simu mbili, alinipokea kwa adabu. "Madam, sisi tulishafungua. Iko kwa ripoti." Chini ya ukuta nilimwona ningu, kisha wa pili, kisha wa tatu. Nilimbonyeza wa kwanza kwa kidole gumba. Tumbo lilikuwa gumu, limejaa. Nilimwomba mlinzi afungue. Akasema nilete barua.

Niliazima beseni kwa mwanamke aliyekuwa akifua, nikavua viatu vyangu vya semina, nikawabeba wote kwa kupitia ile ngazi ya zege hadi juu, na kuwamwaga upande wa pili. "Mama anatupa mboga!" mtu alipiga kelele, na watu wakacheka kama walivyocheka zamani. Wacheke. Ni samaki watatu tu, lakini tangu ngazi ile ijengwe, hao ndio wa kwanza kuipanda.