Tini za Bi Safia Hazikuiva kwenye Blanketi

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai, ile baridi ya Nyeri inayomfanya mtu avae sweta mbili na bado alalamike, nimechuchumaa mbele ya debe la mafuta lililojaa udongo, naugombeza mti. Ndiyo, mwanangu, mti. Mtini mchanga, haunifiki kiunoni, una majani machache mapana na tini tano za kwanza, ngumu kama vifungo vya koti. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na sikuwa na subira hata ya kungoja uji upoe.

Mti haukuwa wangu. Ulikuwa wa Bi Safia, jirani yangu kwenye nyumba za kupanga pale Gatitu, mjane wa mfanyabiashara wa ng'ombe wa Nanyuki. Mumewe alikuwa na mtini mkubwa nyuma ya boma lake. Alipokufa na boma likauzwa, Bi Safia alikata kijiti kimoja, akakipanda kwenye debe, akaja nacho kwetu. Basi tumbo lilipoanza kumsumbua, binti yake Halima alikuja kumchukua arudi Nanyuki akatunzwe. Gari lilijaa magodoro na masanduku, debe likakosa nafasi. Akaniachia mimi.

"Nyawira," aliniambia, "kwa hii baridi maji ni mara moja kwa wiki. Hilo debe usilisongeze-songeze. Na hizo tini usiguse, mpaka shingo ilegee ziiname zenyewe. Natamani nionje moja kabla Mungu hajaniita. Umeskia?"

"Nimeskia, mama."

Nilisikia kwa masikio tu. Asubuhi nilibeba debe mbele ya nyumba kutafuta jua, mchana nikalipeleka nyuma, jioni nikaliingiza ndani karibu na jiko. Maji nilimwaga kila siku. Kisha nikaongeza konzi ya mbolea ya chai niliyotoka nayo nyumbani Kiriaini, maana sisi watoto wa chai tunaamini hakuna ugonjwa usiotibika kwa mbolea. Kufika mwisho wa mwezi tini mbili zilikuwa zimeanguka. Nilizifukia haraka, kama mtu aliyeiba.

Siku chache baadaye mpwa wa Bi Safia, aliyekuja kuuza mbuzi, alipita mlangoni.

"Shangazi amezidiwa. Anasema ukuje umwone."

"Mwambie nakuja Jumamosi," nikajibu.

Sasa wewe unajua tulivyolelewa. Kwetu mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Bibi yako hangevuka hata mto bila kiondo mgongoni. Viazi nilikuwa navyo, karibu gunia zima, lakini nikajiambia viazi hata Nanyuki viko. Nitampelekea tini za mti wa mumewe, zile alizozitamani. Wazo lilikuwa zuri, silikatai. Shida ni kwamba Jumamosi ilifika na tini bado ngumu. Nikaahirisha. Jumamosi ya pili ikafika, tini kijani vilevile, nami nimeshindwa kulala, nimeshindwa kukaa, kila baada ya muda natoka kuzibonyeza kwa kidole.

Ndipo nikapata akili, au nilidhani ni akili. Unajua parachichi: unalichuma gumu, unalifunika kwenye blanketi pamoja na ndizi mbivu, na baada ya siku chache limekuwa siagi. Nikazichuma tini zote tatu. Zilitoa utomvu mweupe, vidole vikaniwasha mpaka jioni, na hata kuwashwa huko hakukunizindua. Nikazifunga kwenye blanketi la kitandani pamoja na ndizi, nikatia kwenye sanduku. Nilikuwa nalifungua mara kumi kwa siku.

"Nyawira, unaatamia?" baba yako aliniuliza. "Utuambie vifaranga vikitoka."

Jumamosi ya tatu ikapita nikiatamia. Ya nne nilizitoa. Zilikuwa zimelainika kidogo, ndiyo, lakini kwa kunyauka, ngozi imejikunja. Nikajidanganya kwamba zimeiva, nikazifunga kwenye kitambaa safi, nikaenda.

Halima alinifungulia. Bi Safia alikuwa kitandani, mdogo kuliko siku aliyoondoka Gatitu, leso kichwani. Nilimwekea zile tini kiganjani. Akaipasua moja kwa kidole gumba. Ndani kulikuwa kukavu na kweupe, hakuna asali, hakuna hata harufu. Alitafuna kipande kwa heshima, akakitema mkononi.

"Tini ikishatoka kwa mti haiivi," alisema. "Hii si ndizi."

"Niliogopa kukuja mikono mitupu, mama."

Akajifuta kiganja kwa shuka. "Mwezi mzima nasikiza huo mlango. Halima akisema ni upepo, nasema hapana, huyo ni Nyawira. Tini ningepeleka wapi, na hata uji unanishinda? Nilitaka ukuje unisuke."

Mwanangu, pale Gatitu nilikuwa nikimsuka kila Jumapili, mistari sita ya kurudi nyuma, na alisema hakuna mkono mwingine usiomuumiza. Sasa alivuta leso. Kichwa kilikuwa kipara.

"Nywele zilikuwa zinaniuma nikilalia mto," akasema. "Halima ameninyoa Alhamisi."

Nilimimina mafuta kiganjani nikampaka kichwa, polepole, mpaka akasinzia. Wiki iliyofuata walimzika, na habari zilinifikia mazishi yameisha. Bado naona aibu, na sitaki kuificha. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu, lakini pupa yangu ilikuwa ya ajabu zaidi: niliuharakisha mti uliokuwa na miaka mingi mbele yake, nikamchelewesha mtu aliyebakiwa na siku.

Utauliza kwa nini nakumwagia haya yote leo, na chai yangu imepoa mara mbili mezani. Ni ile picha uliyonitumia juzi kutoka Kangema: mtini wako kwenye ndoo, tini nne juu yake, na maneno chini, "Mum, nitakuja zikishaiva, sitaki kukuja mikono mitupu." Tangu niyasome sijatulia.

Nisikilize basi. Mti wako ni mchanga, mizizi bado inatafuta pa kushika. Ama uziondoe tini hizo sasa, zikiwa bado kama punje za mahindi, mti upate nguvu. Ama uziache kabisa, usizibonyeze, mpaka ziiname zenyewe. Chagua moja, kisha ulale. Ndoo usiihamishe, na maji utie tu kidole kikikuta udongo umekauka. Kingine ni hiki, nacho ndicho kikubwa: usingoje tunda, wala mshahara, wala nyumba, wala mchumba, ndipo umwendee mtu anayekungoja. Najua mkono mtupu haulambwi. Lakini wahenga haohao walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hawakutaja aje na nini.

Mimi si mgonjwa, usianze kuwapigia dada zako. Nimezeeka tu, na nina hamu ya kukuona. Njoo wiki hii, hivyo ulivyo.

Mungu akulinde kwenye ukungu wa njia zetu. Kazi ya mikono yako ishike mizizi, na miguu yako iwe myepesi kwa wanaokupenda wangali hai. Nakutemea mate ya baraka kifuani, kama mama yangu alivyonitemea mimi. Amani iwe nawe, mwanangu.