Miwani Iliyobaki Susuni

Siku ya kwanza kazini niliingia pale Turwa nimevaa koti la shemeji, na uongo mmoja mfukoni. Mwenye nyumba, marehemu Mheshimiwa, alikuwa mbunge zamani. Mke wake tulimwita Mama Mheshimiwa. Akanifungulia chumba nitakachokitunza, kimejaa majarida ya zamani, ukoo mzima uliyatunza tangu enzi za babu. Vumbi lake ungepanda mihogo ukavuna. Na mchwa! Mmoja alinitazama mpaka nikampa shikamoo.

"Chacha, kusoma unajua?"

"Sana, Mama. Ila miwani nimeisahau kwetu Susuni."

"Haya. Ukienda uilete."

Wajukuu, darasa mimi nililionea dirishani. Nilichojua ni ng'ombe. Basi majarida nikayapanga kama ng'ombe: mekundu huku, ya madoa kule, kila moja na jina lake. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole, ni kuita balaa. Jioni unasimama mlangoni mwa zizi, wanaingia, unawatazama tu. Asiyekuwepo moyo unakwambia. Na mimi kila jioni nilisimama mlangoni nikayatazama, ndipo nikafunga.

Miaka ikaenda. Mama akakubali yahamie kwenye nyumba ya nyaraka kule Mugumu, yasije yakaozea kwake. Akaja Bibi Mhifadhi wa huko, glavu nyeupe kama anakuja kuzalisha. Asubuhi ile akaandika fahirisi, yaani orodha ya kusema nani analala wapi, kwa yale aliyoyakuta chumbani. Mchana akayaweka kwenye makasha, akapiga tiki.

"Yametimia. Pakieni."

Nikachungulia makasha. Moyo ukagoma.

"Bado. Mwekundu wa Sikio Bovu hayupo."

"Nani huyo?"

"Jarida. Kona yake ililiwa na panya. Jana jioni lilikuwepo."

"Mzee, orodha hii hapa. Hebu nisomee ni lipi."

Jasho lilinitoka, ungenywesha ndama wawili. Jarida lile ndilo lenye picha ya Mheshimiwa akiapa bungeni, nyingine Mama hana. Nikinyamaza, limepotea. Nikisema, kazi imekwisha.

"Mama," nikasema, "Susuni hakuna miwani. Sijui hata a. Ila jarida halipo."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Mura wewe! Miaka yote hii miwani imekosa gari? Nilijua tangu siku ile. Kalitafute!"

Nikalikuta jikoni. Mpishi aliliokota kibarazani alfajiri, tulipoyatoa nje tufagie chumba, akafunikia mtindi. Mama alipoliona alilifuta kwa khanga taratibu kama anamfuta mtu uso.

Bibi Mhifadhi akavua glavu, akanipa mkono. "Huyu naondoka naye."

Ndivyo nilivyofika Mugumu. Kwenye fahirisi akaongeza safu ya rangi na alama, majina yangu yote yakaandikwa humo. Wasomi wakija kutafuta Mwekundu wa Sikio Bovu, wanapewa.

Siku ya kustaafu Mama alikuja mwenyewe, amezeeka, anatembelea fimbo. Akanipa kiboksi. Ndani miwani.

"Imefika kutoka Susuni," akasema.

Nikaivaa. Herufi zilikuwa zilezile, hazinijui, sizijui. Lakini jioni nilisimama mlangoni nimeivaa, mara ya mwisho nikayatazama majarida, na kwa macho haya ya uzee niliyaona yote, mpaka kona ya panya. Wote walikuwa nyumbani. Nikafunga.