Fundi Simu na Makala Yangu

Fundi simu wa mtaani kwetu hupanga skrubu kwenye kifuniko cha chupa, hupuliza simu kama anayepoza chai, kisha humuuliza kila mteja: “Nani alikudanganya ununue hii?” Juzi ilikuwa zamu yangu, mimi niliyepewa simu yangu bure na kampuni nikaandika makala ya kuimwagia sifa mtandaoni. “Nilisoma tu makala moja mtandaoni,” nikajibu. “Pole, ndugu yangu, wamekuingiza mjini.” Vidole vyake vilijaa gundi, akaniomba nimwandikie malalamiko chini ya makala ile. Nikaandika alivyosema: mwandishi amenunuliwa, hana haya. Nikaongeza la kwangu: hata kuiwasha hakuiwasha kabla ya kuisifu. Fundi akasoma, akatikisa kichwa. “Wewe ndiye ungefaa kuandika pale.”